Uzi maalumu: Ufilipino na begi mgongoni. Anzeni na milima, visiwa havikimbii

mtembezi_wa_tanga

Wakuu habari za muda huu. Tangu niweke zile picha za matuta ya mpunga watu wananifuata inboksi kila siku, huyu anauliza viza, yule nauli, mwingine kama ni kweli wanakula mayai yenye vifaranga ndani. Nimeona nifungue uzi mmoja nimwage kila kitu, naandika kwa simu kwa hiyo mtanivumilia.

Tuanze na makaratasi. Mtanzania haombi viza ya Ufilipino, unagongewa siku 30 ukifika. Wakenya na Waganda pia. Unachotakiwa kuwa nacho ni pasipoti yenye zaidi ya miezi 6, tiketi ya kutokea nchini kwao, na usajili wa mtandaoni unaoitwa eTravel, unaujaza ndani ya masaa 72 kabla hujafika. Ni bure, ukiona tovuti inakudai dola ujue hao ni matapeli. Tiketi ya kutokea msiichukulie poa, maana anayekukomalia mara nyingi sio hata uhamiaji wa Manila, ni yule dada wa kaunta pale unapoanzia safari, hakupi bodingi pasi mpaka aione. Na kadi ya njano (ya chanjo ya homa ya manjano) tupieni kwenye pasipoti, haina uzito.

Kutoka Dar wengi tunapitia Doha au Dubai. Kuanzia pale ndege imejaa Wafilipino wanaorudi likizo toka kazini Ghuba, maboksi yamefungwa gundi mpaka pembeni, kelele na vicheko masaa yote. Ongeeni nao jamani. Kiingereza wanakijua vizuri, ni lugha rasmi kwao pamoja na Kifilipino, na njia yangu nzima ya milimani nilielekezwa na mama mmoja niliyekaa naye siti moja, hakuna video iliyonisaidia kama yule.

Sasa hoja yangu. Watu wengi wakitua Manila wanaunganisha ndege hapohapo kwenda Palawan au Boracay, wanapiga picha mchangani, wanarudi wanasema wameijua Ufilipino. Hapana. Ile nchi ina visiwa zaidi ya 7,600 na fukwe nzuri hata sisi tunazo, ila kile kilichopo milima ya Cordillera kaskazini mwa Luzon (kisiwa kikubwa ilipo Manila) hakuna pengine utakiona. Anzeni huko mkiwa bado na nguvu za miguu.

Nakuja na sehemu ya milima, ngoja nichaji simu.

kachumbari_chungu

Nipo siti ya mbele kabisa hapa, mtembezi usije ukatuacha njiani kama wale wa "itaendelea" halafu uzi unaota nyasi

Bint Mrima

Swali la haraka kabla hujaendelea kaka, hali ya hewa je? Nimesikia kule vimbunga ni kama mvua ya kawaida.

mtembezi_wa_tanga

Dada swali zuri sana, na wewe mtu wa pwani utanielewa upesi. Wale nao wana kaskazi yao na kusi yao. Upepo wa kaskazini mashariki wanauita amihan, unashika kama Novemba mpaka mwanzoni mwa mwaka, hewa inakuwa nzuri. Wa kusini magharibi wanauita habagat, huo ndo unaleta mvua kuanzia Juni mpaka Oktoba. Vimbunga kama 20 kwa mwaka vinaingia kwenye eneo lao la bahari ingawa sio vyote vinapiga nchi kavu, na vingi ni nusu ya pili ya mwaka. Kwa hiyo Januari mpaka Mei ndo muda wako. Aprili na Mei joto la Manila linaunguza lakini milimani utajifunika blanketi.

Haya, milima.

Basi la Banaue linaondoka Manila usiku, kampuni ziko eneo la Sampaloc, nauli haiendi mbali na peso elfu moja (peso moja piga kama shilingi 45 hivi, inapanda na kushuka). Ni masaa 9 mpaka 10. Nawaomba mnisikie kwenye hili: lile basi lina baridi. Sio baridi ya kusema ufunge kioo, madereva wao wanawasha kiyoyozi utadhani wamebeba samaki. Wenyeji wanapanda na majaketi, soksi na kofia za sufi wakati nje ni nyuzi 30. Mimi nilikuwa na kikoi nikajifunga chote mpaka kichwani.

Alfajiri mnashuka Banaue, mji umening'inia kwenye bonde. Pale kuna kituo cha kutazamia matuta, ndo yale yaliyochorwa kwenye noti ya peso 20. Watu wanapiga picha pale wanaondoka. Lakini kumbe matuta ya pale kwenye noti hayamo kwenye orodha ya UNESCO. Yaliyoingizwa mwaka 1995 ni makundi matano: Batad, Bangaan, Mayoyao, Hungduan na Nagacadan. Kwa hiyo usiishie kwenye kituo cha picha, chukua traisiko (ile pikipiki yenye kibanda pembeni) au jipuni (gari lao la abiria, kama daladala yetu) mpaka barabara inapoishia, halafu unateremka kwa mguu mpaka Batad.

Batad nashindwa kuieleza. Bonde zima limekatwa matuta kwa mduara kama viti vya uwanja wa mpira, kutoka chini mtoni mpaka juu kwenye msitu, na kijiji kimekaa chini katikati. Kuta ni za mawe yaliyopangwa tu bila saruji. Njia ya kupita ni juu ya ukuta wenyewe, upana wa mguu mmoja na nusu, mkono huu maji ya mpunga mkono huu shimo la mita kadhaa. Muongoza njia wetu alikuwa bibi mtu mzima kabisa, ndala miguuni, anatafuna tambuu, anatembea huku anageuka nyuma kupiga stori, sisi na viatu vyetu vya bei tunatambaa. Kila nikisimama ananiambia niangalie mguu, nisiangalie bonde. Ukifika upande wa pili unashuka ngazi nyingi mpaka maporomoko ya Tappiya, maji ya baridi mpaka meno yanagongana, na kupanda kurudi ndo utamkumbuka mama yako.

Nilichokipenda ni jinsi mfumo unavyofanya kazi. Juu ya matuta kila ukoo una msitu wake wanauita muyong, ule msitu ndo unashika maji. Ukikata miti juu, chini mnakufa njaa, kwa hiyo una sheria zake za kimila. Maji yanatoka pale yanaingia tuta la kwanza, yakijaa yanapita kwenye tundu yanaingia la pili, hivyo hivyo mpaka mtoni. Mpunga wao wa asili unaitwa tinawon, unavunwa mara moja tu kwa mwaka. Mpunga huo hauwatajirishi, ndo maana vijana wanakimbilia mjini au Ghuba na utaona matuta mengine yameota majani. Kuanzia 2001 UNESCO waliyaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, yakatolewa 2012. Kwa hiyo mkilala kijijini na kumlipa muongoza njia wa palepale, hela inakwenda kulekule kwenye mawe. Na bebeni keshi, Batad hakuna ATM.

Mmachame halisi

Mkuu hapo kwenye maji umenigusa. Sisi Uchagani tuna mifongo, wazee walichimba mifereji toka msituni ikapita kwenye vihamba vya watu na kulikuwa na zamu za maji, ukiiba zamu ya mwenzio unalipa pombe. Sasa hivi mingi imekufa. Hayo matuta yana umri gani? Nilisoma mahali miaka 2,000.

mtembezi_wa_tanga

Hiyo ndo inayoandikwa kwenye kila kibao cha watalii mkuu, ila wanaakiolojia waliochimba miaka ya karibuni wanasema hapana, kilimo cha mpunga wa maji pale kilishamiri Wahispania walipoingia Luzon, yani kama miaka 400 iliyopita. Watu walipanda mlimani kukwepa kutawaliwa, huko ndo wakachonga mlima. Nilimuuliza yule bibi yetu, akacheka, akasema yeye alilikuta tuta la baba yake na baba yake alilikuta la babu. Kwangu mimi hiyo ya miaka 400 ndo inanivutia zaidi, maana inamaanisha walifanya kazi yote ile kwa haraka na kwa makusudi. Wahispania walitawala visiwa zaidi ya miaka 300 lakini watu wa kule juu hawakuwaweza kirahisi.

Toka Banaue unakwenda Bontoc halafu Sagada, kama nusu siku kwa magari ya kuunganisha, mji uko kama mita 1,500 juu ya bahari, una misonobari na baridi ya Lushoto. Pale kuna majeneza yanayoning'inia. Sio stori. Kwenye bonde linaitwa Echo Valley utaona majeneza yamepigiliwa kwenye ukuta wa jabali, mengine na viti vya mbao vimefungwa pembeni. Ni mila ya Wakankanaey, mzee aliyetimiza masharti ya kimila anawekwa juu karibu na mababu, na majeneza ya zamani ni mafupi kwa sababu maiti ilikunjwa kama mtoto tumboni. Mjini unaanza ofisi ya manispaa unajiandikisha, unalipa ada, unapewa muongoza njia, huwezi kwenda mwenyewe. Na tafadhali msiguse, msipande, msipige kelele kutafuta mwangwi. Pale ni makaburini kwa watu. Niliona kundi la vijana wanapiga selfi wanapiga na mayowe, muongoza njia wao kanyamaza tu, mimi niliona aibu kwa niaba yao.

Kuna pango pia la Sumaguing, mnaingia na taa ya karabai, mnavua viatu mnatembea pekupeku kwenye mawe ya chokaa. Mwenye hofu ya giza asijaribu.

Ndugu wa Muscat

Assalam alaykum. Mie niko Muscat, kazini kwetu Wafilipino tele, watu wakarimu wallahi. Siku zote wananialika kwao lakini roho inasita kwa sababu ya chakula, naambiwa nguruwe kila pahala. Wewe mwenzetu wa Tanga ulikula nini?

mtembezi_wa_tanga

Waalaykum salaam shekhe wangu. Ni kweli, hawakudanganyi. Nguruwe yumo mpaka kwenye mboga za majani, unaagiza maharage unakuta vipande. Kule Sagada wanakausha nyama ya nguruwe kwa chumvi na moshi wanaiita etag, inatiwa kwenye supu. Milimani nilikula wali, mayai, samaki wa kukaanga, na nilijifunza kuuliza kabla mtu hajawasha jiko. Visiwani ni raha, samaki na ngisi wa kuchoma kila kona.

Manila nenda Quiapo. Kuna msikiti wa kuba la dhahabu, Masjid Al-Dahab, ulijengwa 1976 kwa ajili ya ziara ya Gaddafi, na ziara yenyewe haikufanyika. Mitaa ya pembeni yake imejaa Waislamu wa Mindanao (kisiwa cha kusini), Wamaranao hasa, vibanda vya chakula halali vimepangana, kuna wali umefungwa kwenye jani la mgomba na kuku wa kuchambuliwa juu wanauita pastil, bei ya kutupa. Niliswali Ijumaa pale na baada ya swala wazee wakaniweka kati, wanataka kujua Tanzania Waislamu wapo wangapi.

Na hapo nimeshaingia Manila, basi niendelee nayo.

Manila watu wanaiponda sana. Foleni ipo, joto lipo, uwanja wa ndege una temino kadhaa ambazo hazijaunganika, ukiwa na ndege ya kuunganisha angalia temino na weka masaa ya kutosha. Ila mji ule una kitu. Intramuros ni mji wa ndani ya ukuta wa mawe, Wahispania waliuanzisha 1571. Mwezi wa pili na wa tatu 1945 Wamarekani na Wajapani walipigana humo ndani, raia wapatao 100,000 walikufa Manila nzima. Kati ya makanisa yote ya ndani ya ukuta lililobaki limesimama ni moja tu, San Agustin, lilimalizika 1607. Ukitoka hapo Fort Santiago ndo alipofungwa José Rizal, daktari na mwandishi, kabla Wahispania hawajampiga risasi tarehe 30 Desemba 1896. Vuka mto uingie Binondo, mtaa wa Wachina wa tangu 1594, ukale mpaka uchoke.

Usafiri panda jipuni. Asili yake ni vijipu vya jeshi walivyoviacha Wamarekani baada ya vita, wakavirefusha wakavipaka rangi, sanamu za Bikira Maria, majina ya watoto, kila kitu. Unaingia kwa nyuma, mnakaa mkitazamana, na mara nyingi hakuna konda. Nauli unampa wa jirani, unasema "bayad po", naye anampa wa mbele yake mpaka inamfikia dereva, ambaye anaendesha, anahesabu, anarudisha chenji kwa njia ileile mikono ya watu sita saba na haipungui hata senti. Nauli ya chini ilikuwa peso 13. Nikawa nawaza daladala yetu ya Mbagala chenji ya buku ikipita mikono saba. Kushuka unasema "para po". Hilo neno "po" ni la heshima, litieni kila mahali na hasa kwa wazee, utafunguliwa milango.

kachumbari_chungu

Chenji mikono saba Mbagala 😂😂😂 hata hiyo mikono isingerudi

Mkuu na yai je?

mtembezi_wa_tanga

Balut. Yai la bata lenye kifaranga ndani, linachemshwa, wanauza usiku mtaani. Unatoboa juu, unakunywa mchuzi kwanza, chumvi na siki, halafu unakula bila kuangalia. Mchuzi wake mtamu sana. Manyoya hapana.

Visiwa sasa, nitapita haraka maana huko video ziko nyingi. Mimi nilikwenda Palawan. Puerto Princesa kuna mto wa chini ya ardhi wa kilomita 8 na kitu unaotokea baharini, unaingia na mtumbwi, umo kwenye urithi wa dunia tangu 1999. Kutoka hapo van mpaka El Nido, majabali meusi ya chokaa yametoka baharini wima, ziara za boti wamezipa herufi A, B, C na D. Bei ilikuwa kama peso 1,200 mpaka 1,500 na chakula cha mchana ndani, ada ya mazingira mbali. C ndo nzuri ila bahari ikichafuka ndo ya kwanza kufutwa. Halafu boti ya mwendo kasi mpaka Coron, kama masaa manne. Coron mnaweza kuzamia kwenye meli za Wajapani zilizozamishwa na ndege za Marekani tarehe 24 Septemba 1944. Ziwa Kayangan lipo kwenye kisiwa cha Coron chenyewe, na hicho kisiwa ni ardhi ya mababu wa Watagbanwa, wanayo hati, ndo wanaokusanya kiingilio na wamefunga maziwa mengine watalii wasiingie. Safi sana, wangekuwa wajinga kufungua yote.

Sasa boti zao, bangka. Nilikaa nikaziangalia asubuhi nzima El Nido. Chombo chembamba katikati, miti miwili mitatu imekatiza juu, na pembeni huku na huku mianzi mirefu inayoelea. Fundi mmoja alikuwa anafunga upya, anakaza kwa uzi wa nailoni wa kuvulia, anazungusha, anapiga nyundo kijiti ndani ya fundo ukazidi kubana, hakuna msumari hata mmoja. Nikamuonyesha kwenye simu picha ya ngalawa ya kwetu Tanga. Akaikuza, akaangalia yale mabao ya pembeni, akaniuliza nani alituuzia boti. Wanaosoma historia ya bahari wanasema kweli muundo wa mabawa mawili ulitufikia kutoka kwa mabaharia wa visiwa vya Asia, ndugu wa wale waliokwenda kukaa Madagaska. Tofauti ni kwamba yao haina tanga tena, wamefunga injini ya gari, makelele yake utaziba masikio.

Mzee wa Msasani

Kijana uzi mzuri ila napingana na wewe jambo moja. Visiwa kuwa mwisho ni hatari. Kikitangazwa kimbunga walinzi wa pwani wanazuia boti zote, umekwama Coron na ndege ya kurudi nyumbani ipo Manila. Mimi yalimkuta shemeji yangu, tiketi ikaungua. Bora visiwa kwanza, milima ina barabara.

mtembezi_wa_tanga

Shikamoo mzee. Kuhusu boti kuzuiwa uko sahihi, hata ishara namba 1 ya kimbunga inatosha boti ndogo zisitoke, na hakuna rushwa itakayokutoa. Lakini barabara za Cordillera nazo mvua ikizidi zinaporomoka, kwa hiyo hakuna upande ulio salama. Dawa ni kutokupanga boti na ndege ya nyumbani karibu. Rudi Manila kwa ndege ya ndani kutoka Coron au Puerto Princesa, na uache siku mbili tatu wazi za Intramuros na Quiapo. Na msimu wa amihan hiyo shida inapungua sana. Ukianza na visiwa mzee wangu nakuapia hiyo milima hutakwenda, mwili ukishazoea kulala kwenye bembea nani atapanda basi la barafu masaa 10?

Mzee wa Msasani

Marahaba. Hapo kwenye bembea sina la kujibu.

Bint Mrima

Kaka nimeshawishika, natafuta tiketi za Februari. Mwanamke peke yangu, je? Na hela nibebe vipi?

mtembezi_wa_tanga

Dada nilikutana na wasichana wengi wanaotembea peke yao mpaka Batad, milimani na Palawan hawakuwa na wasiwasi. Manila usiku tumia teksi za kuita kwa simu, na simu usiishike mkononi Quiapo kwenye msongamano. Utatazamwa nywele sana, wengine wataomba picha na wewe, ukikataa kwa tabasamu wanaelewa.

Hela: beba dola safi zisizokunjwa ubadilishe Manila, sio uwanja wa ndege. ATM nyingi zinakukata peso 250 kila ukitoa na nyingi hazitoi zaidi ya elfu kumi kwa mara moja, kwa hiyo toa nyingi mara chache. Plagi zao ni pini mbili bapa, chaja yako ya pini tatu haitaingia, nunua adapta Kariakoo kabisa. Na Februari Batad mpunga ndo wanapandikiza, matuta yamejaa maji, nenda juu kwenye kituo cha kutazamia kabla ya saa moja asubuhi. Niambie ukishapata tarehe nikutumie namba ya nyumba ya wageni ya yule bibi, mtandaoni hayupo.